Siku nne za kuvua Ukerewe na mwenzako: kuanzia kuangalia mwezi hadi mgao wa samaki

Kabla hamjanunua hata ndoano moja, kubalianeni hili wewe na mwenzako: mmoja akisema turudi, mnarudi. Hapo hapo, bila kubishana, hata kama mwingine ana mshipi mkononi na kuna kitu kinavuta upande wa pili.

Mimi na rafiki yangu hatukuwa na sharti hilo safari ya kwanza. Siku ya pili, saa tisa alasiri, aliona wingu limekaa upande wa magharibi, chini jeusi, juu jeupe kama pamba. Akaniambia, "Kaka, tukunje." Nikamjibu tupate mmoja tu, kisha tuondoke. Haikupita robo saa upepo ukageuka, maji yakawa meusi, na mzee mwenye mtumbwi akakata kamba ya nanga kwa kisu kwa sababu hakukuwa na muda wa kuivuta. Tulifika nchi kavu tumelowa chapachapa, deli la barafu na samaki wote wa siku ile limebaki ziwani. Rafiki yangu hakunilaumu hata kwa neno moja, na kimya chake kiliniuma kuliko kama angenigombeza. Jioni ile, tukiwa tunakausha nguo motoni, ndipo tulipowekeana sharti. Tumeshakwenda mara nyingi tangu hapo na halijavunjwa.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku nne kutoka Mwanza hadi Ukerewe, watu wawili wanaovua kwa mshipi na ndoano, pamoja na mwenye mtumbwi wa kukodi. Aliye Musoma au Bukoba atabadilisha njia tu. Aliye upande wa Kenya atasoma mbuta kila nilipoandika sangara, ngege nilipoandika sato, na omena nilipoandika dagaa.

Hatua ya kwanza: angalia mwezi, kisha kalenda

Kambi za visiwani zinaishi kwa mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na wakati huo kila mtu yuko kazini: mitumbwi inatoka jioni, inarudi alfajiri, mchana dagaa wanaanikwa na watu wanalala wakipata nafasi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, wavuvi wengi hupumzika, wanashona nyavu, wengine wanarudi nyumbani kwao. Sisi huenda mbalamwezi. Mtumbwi unapatikana bila kumnyang'anya mtu riziki yake, mwenye mtumbwi ana usingizi wa kutosha, na kambi ina watu wa kuzungumza nao.

Kuhusu majira, epuka kilele cha masika, Machi hadi Mei, kwa sababu ya radi. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unaweza kuvuma siku nzima bila kupumzika na mkakaa nchi kavu mkitazama mawimbi. Chaguo letu ni Februari au Septemba.

Hatua ya pili: watu kwanza, ndoano baadaye

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000, ila kila mwalo, yaani mahali mitumbwi inapotia na samaki wanaposhushwa, una wenyewe. Mkishuka Nansio, bandari ya Ukerewe, kabla ya kutafuta mtumbwi, fikeni kwa afisa uvuvi mulize leseni inayowahusu watu wanaovua kwa mshipi. Kisha mkifika mwaloni mnakokwenda, mtafuteni mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wananchi kinachosimamia rasilimali za uvuvi pale ufukweni. Msalimieni kwa heshima, semeni mmetoka wapi, mtakaa siku ngapi, mtavua kwa nini. Mgeni anayeonekana ghafla na vifaa hudhaniwa mengi.

Mambo mawili myajue bila kuambiwa. Kokoro, ule wavu mrefu unaokokotwa hadi ufukoni, ni haramu, kwa hiyo mtu akiwakaribisha mkamsaidie kuvuta, kataeni kwa upole. Na samaki wana kipimo: sato asipungue sentimita 25, sangara asipungue sentimita 50. Sisi tumechonga alama hizo mbili kwenye mpini wa kasia letu dogo, moja ya rangi nyekundu, moja nyeupe. Samaki akitoka majini analazwa pale kabla hata hajasifiwa.

Kisiwa cha Saanane, kile mnachokiona mkiwa bado Mwanza mjini, ni hifadhi ya taifa. Pale hamvui.

Hatua ya tatu: vifaa

Mshipi wa nailoni wa aina mbili unatosha. Mwembamba, wa milimita 0.30 hivi, ni wa sato. Mnene, wa milimita 0.70 au 0.80, ni wa sangara. Kama mna fimbo zenye rili, vizuri. Kama hamna, zungusheni mshipi kwenye kipande cha mti laini au chupa ya plastiki. Mzee wetu pale kisiwani anavua kwa mshipi wa mkono na hutupita karibu kila siku.

Ndoano ndogo za sato zibebeni nyingi, maana mawe yatazila. Za sangara beba kumi kubwa na imara. Ongeza chubwi, yaani vizito vya kuzamisha mshipi, za uzito tofauti, boya dogo, koleo la kung'olea ndoano, kisu kikali na glavu za kitambaa kigumu.

Fundo la ndoano lijifunzeni nyumbani mkiwa mmekaa. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoano, izungushe kwenye mshipi wenyewe mara tano au sita, kisha irudishe kwenye kitanzi kidogo kilichobaki jirani na tundu. Sasa tia mate. Usicheke hatua hii: nailoni ikikazwa kavu inapata joto, inadhoofika palepale kwenye fundo, na samaki mkubwa ndipo anapokatia. Baada ya kulowanisha, vuta polepole hadi mizunguko ijipange kama chemchemi ya kalamu, halafu kata ncha iliyobaki. Vuta kwa nguvu zako zote. Likifyatuka, bora lifyatuke sebuleni.

Vya kambini ni hivi: unga, mafuta ya kula, vitunguu, nyanya, ndimu, pilipili, sufuria mbili, chandarua kwa kila mtu, tochi ya kichwani, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, na chumvi ya mawe kilo nne au tano. Chumvi hiyo mtaiona nyingi hadi siku ya tatu.

Hatua ya nne: mtumbwi na jaketi okozi

Feri ya Mwanza hadi Nansio huchukua kama saa tatu, wakati mwingine zaidi. Kutoka Nansio mnapanda bodaboda au gari hadi mwaloni. Sisi hupendelea upande wa kaskazini, kule ambako kisiwa cha Ukara kinaonekana ng'ambo, kwa sababu kuna miamba ndani ya maji na samaki wanaipenda.

Mkiuangalia mtumbwi, msianze na injini. Ingieni ndani mchutame muangalie sakafu. Maji kidogo ni kawaida, lakini tazama yanapoingilia. Ubao uliozibwa kwa pamba na kupakwa rangi juu ni sawa. Ubao unaochezacheza ukiukanyaga si sawa. Makasia yawepo hata kama injini ni mpya. Nanga iwe na kamba ndefu, na kopo la kutolea maji lifungwe kwa kamba lisielee likaenda.

Jaketi okozi mje nayo wenyewe, na muivae, siyo kuikalia. Ziwa hili limetufundisha kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kutia nanga Ukara, watu wakiwa wanaiona nchi kavu kwa macho. Mamia walipotea katika kila moja ya ajali hizo. Ukerewe na Ukara kuna familia ambazo bado zinahesabu miaka, kwa hiyo mkiwa kule msizungumze habari hizo kwa wepesi.

Hatua ya tano: tembea na upepo

Kwa siku ya kawaida, alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na kuanzia karibu na mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Wazee wa matanga walilitumia hilo: asubuhi upepo unawatoa, mchana unawarudisha. Nanyi fanyeni hivyo. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi kukianza kupambazuka, na saa tisa alasiri mwe mmeshapandisha mtumbwi mchangani. Radi nyingi za ziwa hili huja usiku na alfajiri, kwa hiyo usiku muwaachie wenye kazi yao. Angalieni utabiri wa TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, jioni ya kuamkia safari, na asubuhi mwulizeni mwenye mtumbwi. Akisema leo hapana, msimwongezee pesa.

Ishara ambazo mimi huziamini ni upepo unaokata ghafla na kuacha joto zito, mstari mweusi juu ya maji kwa mbali, na ndege kurudi nchi kavu mapema. Moshi mrefu unaosimama juu ya ziwa usiwatishe. Mara nyingi ni wadudu wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, wanapanda hewani kama wingu. Mkipita ndani yake fungeni midomo.

Hatua ya sita: siku ya sato

Siku ya kwanza ya kuvua iwe ya sato, karibu na ufuko, mikono ipate kuzoea. Sato hukaa penye maji ya kina kifupi, kando ya majani na mawe. Kina cha pima moja hadi tatu kinatosha (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa). Chambo ni minyoo au donge la ugali uliokandwa na mafuta kidogo. Tunauchimba mnyoo chini ya migomba jioni na kuuweka kwenye kopo lenye udongo wenye unyevu.

Zimeni injini mbali, mwendelee kwa kasia. Tupeni nanga taratibu, isipige maji. Shusheni mshipi hadi chubwi ndogo iguse chini, muupandishe kidogo, kisha mnyamaze.

Sato haumi kama kambale. Anadonoa. Unasikia tik, tik kwenye kidole cha shahada kinachogusa mshipi, kama mtoto anayegonga mlango akiwa haruhusiwi kuingia. Ukivuta kwenye ule mdonoo wa kwanza utavuta ndoano tupu. Subiri mshipi uanze kutembea kwa upande, hapo ndipo unainua mkono, siyo kwa kishindo, kwa kiwiko tu. Siku yangu ya kwanza nilikosa kumi na moja mfululizo huku mwenzangu akiwapandisha. Aliponiambia nifumbe macho nisikilize kwa kidole, wa kumi na mbili akaja.

Mshike sato kutoka kichwani kwenda mkiani, ukiyalaza mapezi ya mgongoni chini ya kiganja, la sivyo miiba itakutoboa. Jike la sato hutunza mayai na vifaranga mdomoni, na wakati huo hali, kwa hiyo ndoano humkamata mara chache sana. Hii ni sababu mojawapo ninayopenda mshipi kuliko wavu.

Hatua ya saba: siku ya sangara

Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili, wa aina nyingi hadi baadhi hawaonekani tena, na akajenga biashara iliyoiinua Mwanza. Anaweza kufikia karibu mita mbili. Msimtegemee wa namna hiyo. Wa kilo tano hadi kumi atawapa kazi ya kutosha.

Tokeni mapema zaidi. Tafuteni mahali mwamba unaposhuka, upande mmoja pima nne, upande wa pili pima nane. Chambo bora ni furu hai, uliyemvua jana kwa ndoano ndogo na kumweka kwenye ndoo mnayoibadilisha maji mara kwa mara. Mpitishe ndoano mgongoni, chini kidogo ya pezi, usiguse uti wa mgongo. Mshushe hadi chubwi iguse chini, kisha mpandishe kwa pima moja ili asijifiche kwenye mawe.

Mbele ya ndoano fungeni kipande cha nailoni nene kuliko mshipi wenyewe, kama mita moja. Sangara hana meno ya kukata, ila mdomo wake unakwaruza kama msasa, na mifuniko ya mashavu yake ina ncha kali. Ndiyo maana hata akishatua mtumbwini haguswi mashavuni bila glavu.

Akimeza, mshipi hausitesiti. Unaondoka. Mwacheni aende kidogo, kazeni, inueni. Kuanzia hapo kazi ni ya wawili: mmoja anapambana na samaki, mwingine anakusanya mshipi uliolegea usimzunguke mtu mguuni, anaondoa visu njiani, na anaangalia anga kwa niaba ya wote. Huyu wa pili ndiye mwenye kauli. Aliye na samaki mkononi haoni wingu, nimekwishaeleza. Sangara akiruka juu akitikisa kichwa, usilegeze kabisa, wala usivute kwa hasira. Teremsha mkono uwe sawa na maji na uendelee kuuhisi uzito wake.

Akiwa chini ya alama nyeupe, mrudisheni haraka. Sangara huchoka upesi akitolewa majini. Mshikeni mkia na tumbo, kichwa kielekee mbele, mtumbwi ukienda polepole maji yampite mashavuni, hadi mkia wake wenyewe uupige mkono wako.

Kubalianeni pia na mwenye mtumbwi kuhusu bondo kabla ya kutoka. Lile bondo, mfuko wa hewa ulio ndani ya sangara, lina thamani kubwa sokoni, husafirishwa hadi China, na nimeona marafiki wakinuniana kwa ajili yake. Sisi bondo ni la mzee, siku zote.

Wasiotarajiwa nao watakuja. Gogogo ana miiba mitatu yenye meno kama msumeno, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, akiikaza hailegei. Mng'oeni ndoano kwa koleo akiwa chini, msimkumbatie. Kambale atakaa hai kwa muda mrefu nje ya maji, msidhani amekufa. Kamongo anauma kwelikweli. Kwa kamongo mimi hukata mshipi na kumwachia ndoano.

Kambini

Maji ndiyo hatari inayosahaulika. Kichocho kiko kwenye maji ya ufukoni yaliyotulia, penye majani na konokono, yaani palepale ambapo mtu angetamani kuoga. Msiogelee, na kushuka kutoka mtumbwini kuwe kwa haraka au kwa viatu vya mpira. Maji ya kuoga chemsheni. Maji ya kunywa chemsheni au tieni dawa, na tumieni choo cha kambi hata kama kiko mbali. Ulizeni wenyeji kuhusu mamba na viboko mahali mnapolala. Jibu lao ni amri, hasa kwa anayetaka kuchota maji usiku.

Chakula cha jioni ni raha. Sato mbichi, para magamba, toa matumbo, mkate mara tatu, weka sufuriani na maji, nyanya, kitunguu, chumvi na ndimu, bila tone la mafuta. Dakika ishirini tu. Ukerewe watawapa ugali wa muhogo, mweupe na wenye kuvutika, na mkila na mchuzi ule mtajua kwa nini tumevuka maji. Mkaribisheni mwenye mtumbwi, na mpeni kichwa kabla hajaomba.

Siku ya nne: kuhifadhi na kugawa

Samaki wa barafu wawe wa siku ya mwisho tu. Watoeni matumbo na mashavu palepale, wasafisheni, wapangeni kwenye deli, safu ya samaki na safu ya barafu, uzito wa barafu usipungue ule wa samaki. Fungueni kile kitundu cha chini maji yatoke.

Wa siku zilizotangulia ndio wa chumvi. Mpasue samaki mgongoni toka kichwani hadi mkiani, mfungue kama kitabu bila kumtenganisha tumboni, mchanje nyama iliyo nene, kisha msugue chumvi hadi ndani ya michanjo. Kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu au nne za samaki. Mlaze kwenye beseni usiku kucha na jiwe juu; asubuhi atakuwa ametoa maji mengi. Yamwageni mbali na mnapolala, mkamalizie kumwanika juani nyumbani, juu ya chanja, siyo chini.

Mgao tunaufanya Nansio tukisubiri feri. Mmoja anapanga mafungu mawili, mwingine anachagua la kwake. Kwa utaratibu huo anayepanga hupanga kwa haki. Fungu la mzee limeshatoka mapema, kule kule mwaloni.

Nyumbani, osheni ndoano na rili kwa maji safi na mzikaushe kabla ya kuzifungia. Halafu chukueni simu zenu mkiwa bado pamoja mweke ukumbusho wa miezi miwili mbele: kupima kichocho. Mkipima wiki ile ile mnaweza msione kitu, maana minyoo inahitaji muda kukomaa, na dawa yenyewe hufanya kazi vizuri kwa iliyokomaa. Rafiki yangu ndiye hunipitia asubuhi ya siku hiyo, tunakwenda zahanati wote wawili, na tukiwa kwenye foleni tunafungua kalenda kutafuta mwezi mpevu unaofuata.